Kitu Kilichokaa Mlangoni

Mwaka wa 1971 Ombati alirudi Kebirigo na digrii ya sosholojia, na hakuna aliyejua inatibu ugonjwa gani. Mzee Onsongo, babake, aliyemsomesha kwa pareto na majani chai, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni daktari, ila wagonjwa wake bado hawajajulikana.

Ombati alijenga nyumba ya mabati, akamwoa Gesare, na sasa alitaka jambo moja tu: babake aketi mezani kwake ale. Lakini mzee wa Kigusii haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake, na haijadiliwi. Basi Onsongo alikula uani, kwenye kigoda, na mvua ilipokuja alikinga ugali wake kwa jani la mgomba na kuacha kichwa kilowe.

Ombati ilimuuma sana kumwona hivyo. Akasimama kizingitini, akaanza kumfundisha babake.

"Tata, huko Ulaya waliangusha wafalme, watu wakaacha mashamba wakakimbilia viwandani, mambo yakavurugika. Wasomi wakajiuliza, hawa watu mbona bado wanashikana? Hapo ndipo sosholojia ilianza. Wakaona kuna kitu kinaitwa jamii. Hakionekani, lakini ndicho kinakushika hapo ulipo."

Onsongo aliutazama mlango. "Kiko hapo sasa hivi?"

"Kiko, tata."

"Na ulijua kiko, ukaweka mlango papo hapo?"

Habari zikaenea. Watu wakaja kukitazama. Kwamboka, jirani, alikiletea kuku. Pasta Ishmael alikikemea mpaka sauti ikamkauka, kisha naye akala huyo kuku, nje.

"Nani alikiweka?" Onsongo akauliza siku nyingine.

"Wasomi hawajakubaliana. Mmoja anasema kinatushikilia wote kama nguzo za nyumba. Mwingine anasema kimewekwa na wenye mali."

"Mimi nina ng'ombe wawili, na sikukiweka."

"Tumekitengeneza sisi wenyewe, tata. Ukiamua, unapita."

Mzee akaendelea kula uani. Lakini wiki hiyo alianza kukohoa, na alasiri moja mvua ya mawe ikashuka mbele ya majirani waliokuwa wamejibanza ukutani. Ikalitoboa jani lake la mgomba, ikamwagika kwenye mchuzi. Onsongo akainuka, sahani mkononi.

"Nimekusomesha nisikuamini?" akasema. "Nakuja."

Kwamboka akafumba macho. Pasta akaanza kuomba bila kujua anaomba nini. Mzee akatembea hadi mlangoni, akainua mguu. Ombati, aliyesimama ndani ya mlango, alijaa furaha hata machozi yakamlenga. Hii ndiyo siku aliyokuwa akiingoja.

Halafu mkono wake ukanyooka, ukashika mwimo wa mlango, ukaziba njia. Aliutazama mkono huo kama wa mtu mwingine. Aibu ikampanda, uso ukamwaka moto. Alijaribu kuushusha ukakataa.

"Tata," akasema kwa sauti ndogo, "usiingie."

Onsongo akaushusha mguu taratibu. Hakukasirika; alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamkagua mwanawe toka viatu hadi nywele.

"Leo nimekiona," akasema. "Kumbe kinafanana na wewe."

Akarudi kwenye kigoda chake. Ombati akamwomba Gesare sahani yake, akatoka akaketi chini kando ya babake, wakala ugali uliolowa.