Vifuko Kumi vya Maji ya Mama

…vikombe viwili vya chumvi, kimoja cha majani, nusu ya maganda ya machungwa, na hapo sasa sijui kama hiki ni kikombe cha kwanza au cha pili, ngoja, chumvi imefika kwenye ule mstari wa bluu wa bakuli, basi ni cha pili, chumvi ya mawe hiyo, si ya mezani, ya mezani inayeyuka kabla haijafanya kazi, nani aliniambia vile, mama, nani mwingine, na dada yangu amekaa kwenye kiti cha dirishani simu sikioni anaongea naye huyo huyo mama aliye wodini, kesho mama anarudi nyumbani bila vidole viwili vya mguu wa kulia, lakini ukimsikia dada utadhani mama anarudi kutoka kutembelea ndugu, "Ndiyo mama… ndiyo, yuko hapa, anatengeneza maji yako… amejaza meza majani, utadhani tunangoja mbuzi," anacheka, na huko wodini nadhani mama anacheka pia, nami natabasamu kwa kuwa ni zamu yangu ya kutabasamu, kisha nachukua unyasi wa mchaichai naukunja, umevunjika kwa mlio, sawa, umekauka, mchaichai unakaushwa kivulini siku nne, si juani, jua linakula harufu, na ukiufunga una unyevu hata kidogo, wiki haipiti kifuko chote kimeota ukungu, nanusa, sinusi kitu, yaani najua kwamba kuna harufu, inafika puani, inarudi zake, tangu siku ile niko hivi, nakula kwa sababu saa ya kula imefika, nalala kwa sababu taa imezimwa, na si huzuni, huzuni naijua, baba alipofariki nililia mpaka kope zikavimba nikawa naangalia watu kwa kuinua kidevu, hii si ile, hii ni kama redio ya jirani nyuma ya ukuta, unajua watu wanaongea, hujui wanaongea nini, na huna hata hamu ya kujua… sasa rehani, rehani kiganja kimoja, mama anapenda izidi kidogo, vifuko kumi nimevishona jana kwa kile kitambaa chembamba cha pazia la zamani, kila kimoja na kamba yake ya kukaza, kwa sababu majani yakielea huru kwenye beseni yanamganda mtu mgongoni, anatoka kwenye maji kama ametoka kichakani, hilo nalo aliwahi kusema mama, miaka hiyo, akicheka, huku nikimbandua jani begani.

Dada anasema, "Hapana mama, miguu hapana, daktari amekataza kabisa kuloweka miguu, umemsikia mwenyewe… mgongo tu na mikono, mguu tutaufunga kwenye mfuko uwe nje… ndiyo, hata kama ni maji ya bintiyo," maji ya bintiyo, ndivyo wanavyoyaita, na nimeyatengeneza tangu nilipoanza kazi, ninapiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mwaka wa kumi na tisa huu, mashuka, foronya, vitambaa vya meza, mashuka tena, na wenzangu wananiita Koleo kwa sababu nashika chochote kilichotoka kwenye moto bila kitambaa, sufuria nalishika masikio yake kwa mikono mitupu, pasi nayo naipima kwa kuigusa, si kwa kuitemea mate kama wale wageni, na wasichana wapya wanaambiwa nendeni mkamwone Koleo anavyofanya, nami nikawa najivuna, mjinga mimi, najivunia ngozi iliyokufa… Jumapili ile nilichemsha birika mbili, nikazimwaga kwenye beseni la zambarau, nikatumbukiza kifuko, nikaongeza maji baridi, jagi moja, nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikahesabu hadi tano kama ninavyofanya siku zote, nikaona ni vuguvugu, nikamwambia mama haya, weka, na mama miguu yake ilikufa ganzi tangu mwaka juzi kwa sababu ya kisukari, alikuwa akipoteza ndapa mlangoni asijue anatembea peku, akaweka miguu yote miwili, akafumba macho, akasema, "Hapo sasa," wawili tusiosikia moto tukakubaliana kwamba maji hayana moto. Robo saa nzima. Nilikaa chini karibu na magoti yake tukimsengenya mke wa mwenye nyumba na wigi lake jipya, tukacheka sana, sijawahi kucheka vile tangu hapo, na mvuke ulikuwepo, niliuona, nikasema moyoni ni majani hayo yanatoa nguvu… wanasema maji ya moto hayachomi nyumba, ni kweli, nyumba ipo, hii hapa, hakuna hata kigae kimoja kilichoanguka, kilichoungua ni mama.

Jioni yalitoka malengelenge matatu makubwa kwenye vidole, nikayapaka dawa, nikamvalisha soksi, nikamwambia si kitu, na Jumatano, soksi ilipoanza kushikana na nyama, tukaenda zahanati, daktari kijana akainama, akauliza, "Mama ameungua na nini?" akaniuliza mimi, si yeye, nami nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani yenye picha ya mtoto anayepiga mswaki, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hajaungua. Ni viatu," na viatu kweli vilikuwepo, ndiyo maana uongo ule ulitoka kirahisi, mdogo wetu, kitindamimba, tunamwita Kimbaumbau kwa wembamba wake, fundi wa lifti, alikuwa amemletea Ijumaa ya kabla ya Jumapili ile viatu vya ngozi vya kufungwa, mama akavivaa kuzunguka navyo sebuleni kama bibi harusi, na daktari akamgeukia mama, mama akanitazama, si kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo. Viatu. Vipya," nikafikiri ameamini, nikafikiri ni uzee, nikashukuru, asiyekuwepo na lake halipo, Kimbaumbau hakuwepo, basi kosa akabebeshwa yeye, na wiki ya tatu mguu ulipoanza kuoza na mama akalazwa ni dada huyu aliyempigia simu, "Viatu vyako vimemla mama," kwa maneno hayo hayo, dada hana dogo, nilikuwa nimesimama hapa hapa kwenye meza, nikakung'uta kitambaa, nikakikunja, nikakikunjua, nikakikunja. Kimbaumbau akaja kuvichukua viatu vyake. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni ameinama kidogo kwa sababu ya urefu, akavichukua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, na hospitali amekuja mara moja tu, akasimama miguuni pa kitanda akitazama bandeji, mama akamwita aje akae, akasema ameacha kazi njiani, akaondoka… chumvi, nimeikoroga vya kutosha, sasa nagawa, vijiko vikubwa sita kwa kila kifuko, kimoja, viwili, mkono unafanya wenyewe, mkono huu ungeachwa peke yake ungeendelea mpaka kesho kutwa.

"Subiri mama, nimwambie mwenyewe," anasema dada, anaiweka simu begani, "mdogo wangu, mama anasema hivi, maji utakayomwandalia kesho usiyapime kwa viganja. Pima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga," kisha anacheka, "mama naye, leo ndiyo anakufundisha kuogesha watu," anairudisha simu sikioni, nami nasema sawa, au nadhani nimesema sawa, mkono uko ndani ya bakuli, chumvi imeufunika mpaka kwenye kifundo, kwa kiwiko, si kwa viganja, miaka yote hii hajawahi kuniambia habari ya viganja, amekaa, amenitazama nikihesabu hadi tano, ameweka miguu… alijua. Aliuona mvuke, yeye ana macho mazuri kuliko sisi sote, aliiona miguu ilivyotoka myekundu, na zahanati hakuwa mzee aliyechanganyikiwa, alikuwa mama mwenye watoto wawili mizanini na uongo mmoja katikati, akachagua, akanichagua mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele yake naangalia kalenda, au kwa sababu mimi ndiye ninayemwogesha na hakutaka niogope kumgusa, na huyu mwingine, kipenzi chake, wa mwisho tumboni, akamtoa ili mimi nibaki, nami nikapokea, miezi miwili nimepokea kila siku, huku yeye akinisubiri niseme, amesubiri vidole vikakatwa, amesubiri nyuzi zikatolewa, wala hanisukumi hata leo, ananiambia tu kiwiko, na mbele ya dada, kwa njia ambayo dada hawezi kuelewa… ananisitiri mpaka kwenye kunishtaki. Naona aibu. Ndiyo hiyo, inapanda, naijua, masikio yanawaka, aibu tupu isiyo na kisingizio, na nyuma yake kuna hasira, kwa nini hukusema mama, kwa nini ulikubali viatu, na nyuma ya hasira yuko Kimbaumbau amesimama mlangoni ameinama.

"Kimbaumbau?" anasema dada kwenye simu, "hapana mama, kesho haji, anasema ana lifti mbili za kutengeneza… unamjua, ni visingizio tu… mimi sijamwambia kitu tena, anajilaumu mwenyewe… anasema halali… haya, haya, nitamwambia umemsalimu," anasema vile kama anavyosema bei ya nyanya, na mimi nakumbuka Ijumaa ile, nilimvalisha mama vile viatu mimi mwenyewe, nilipiga magoti, nikaingiza kidole changu nyuma ya kisigino kuangalia kama vinabana, kidole kikaingia chote, kikazunguka, havikubana popote, si mbele, si kando, Kimbaumbau alikuwa ameiba kipimo cha mguu wa mama kwa kuchora ndapa yake kwenye gazeti, alinionyesha lile gazeti, amechora kwa penseli na kuandika pembeni, aongezewe nafasi, mguu huvimba jioni… mtu aliyewaza mpaka kuvimba kwa jioni ndiye asiyelala, na mimi nalala. Basi. Si kesho mama akishafika, kesho kutakuwa na majirani na chai na kelele, kesho nitapata sababu, nazijua sababu zangu, zimenilea. Viatu vyako vilimkaa sawasawa. Hivyo nitaanza, halafu yatafuata maji, na dada atasikia yuko hapo hapo kwenye kiti, na asikie, na anitazame atakavyonitazama. "Dada," nasema, na sauti imetoka kavu, "nipe simu nimpigie Kimbaumbau," nautoa mkono kwenye bakuli, namnyooshea jinsi ulivyo na chumvi yake, naye ananionyesha kidole kimoja, subiri, bado anaongea na mama.