Chombo Kibovu Hakiegeshwi Hapa

Mwita aliingia kazini akisukuma pikipiki, cheni ameivaa shingoni kama mkufu wa bwana harusi. Ilimkatikia barabarani, University Boulevard, mlio mmoja tu kama wa kuni kavu, kisha injini ikaendelea kunguruma kwa furaha huku pikipiki yenyewe haiendi popote. Kutoka hapo hadi nyumba ya wazee kule Wheaton alisukuma dakika arobaini. Mashine ya mahudhurio ilipomeza kadi yake ilisoma saa moja na dakika nane. Uvumilivu wa kampuni ulikuwa dakika saba.

Genoveva, msimamizi wa zamu, alimvutia fomu. Alikuwa Mtanzania mwenzake huku ughaibuni, mzaliwa wa Songea, na kanisani walisimama kwaya moja. Lakini akishavaa beji, Kiswahili alikigawa kwa kijiko.

"Sababu ya kuchelewa? Chagua. Ugonjwa, msiba au theluji."

"Dada Geno, huu ni mwezi wa saba."

"Sijasema uchague theluji."

Mwita akachagua msiba. Huo ulikuwa uchelewaji wake wa pili. Wa tatu ungemtoa kazini. Genoveva akachungulia dirishani, kwenye maegesho.

"Hiyo pikipiki inatembea?"

"Nitaitengeneza wakati wa lunch."

Akamwonyesha kibao ukutani. Mstari wa kwanza ulisema chombo kisichotembea kitavutwa na kuondolewa. Wa pili ulisema ni marufuku kutengeneza chombo chochote katika eneo hili.

"Kwa hiyo chombo hakiruhusiwi kuumwa," alisema Mwita, "na hakiruhusiwi kutibiwa."

"Sikuandika mimi. Nimesha-report. Wa kuivuta wanakuja saa sita."

Kiangazi kile cha 2008 mafuta yalikuwa yamepanda hadi watu wakaanza kusalimiana kwa bei. Mwita alikuwa ameuza gari na kununua pikipiki ya Kijapani ya mwaka 1981, yenye umri mkubwa kuliko wake. Mtaani kwake Beltsville basi la kwanza lilipita wakati yeye anatakiwa awe ameshawaogesha wazee wawili. Pikipiki ikivutwa leo, kesho anachelewa mara ya tatu. Hesabu haikuhitaji karatasi.

Mzee wake wa kwanza alikuwa Wendell, aliyetengeneza matrekta ya kituo cha utafiti wa kilimo miaka thelathini kabla miguu haijamgomea. Mwita alipomwinamia amnyoe, Wendell akanusa.

"Hiyo ni grisi ya cheni," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Kavu. Ulikuwa huipaki mafuta."

Mwita akakubali kosa, akaeleza yote, mpaka kibao. Wendell alisikiliza huku nusu ya uso ikiwa povu.

"Niletee hiyo cheni. Na mwite yule kijana wa jikoni anayeimba."

Kijana wa jikoni alikuwa Liévin, mwosha vyombo, Mkongo mwenye miaka arobaini na mitatu. Aliipokea cheni kwa mikono miwili, akaipitisha vidoleni pingili kwa pingili.

"Cheni haiyakufa, kaka. Pingili moja tu ndiyo ilipasuka. Mimi nilikuwa motard kule Uvira, nabeba watu kwa pikipiki, miaka kumi na moja. Tunapunguza mbili, tunasogeza gurudumu mbele, inatembea."

"Vifaa je?"

Liévin akafikiri. Jikoni kulikuwa na nyundo ya kupondea nyama, jiwe la kunolea visu na kikaango cha chuma kilichofaa kuwa fuawe. Kilikosekana kitu chembamba cha kusukumia pini. Wendell akatazama ukutani, paliponing'inia picha ya marehemu mkewe.

"Mshusheni taratibu," alisema. "Huo msumari ni wa zege. Atatusamehe, alizoea."

Saa tano na nusu, muda wa chakula, wakamsukuma Wendell na kiti chake hadi maegesho. Walimtandikia taulo mapajani, kikaango juu ya taulo, cheni juu ya kikaango. Mwita alisaga kichwa cha pini kwa jiwe. Liévin aligonga.

"Isitoke yote," Wendell alionya. "Ikitoka yote hairudi."

"Mzee huyu anajua," Liévin alimnong'oneza Mwita. "Angezaliwa Uvira angekuwa tajiri."

Gari la kuvuta liliingia saa sita kasoro tano. Genoveva akatoka nyuma yake na jalada na kalamu.

"Mwita, sign umeisoma wewe mwenyewe."

"Mwita ananishikia tu," Wendell alisema, akiichukua nyundo mkononi mwa Liévin. "Ninayetengeneza ni mimi. Mlangoni kwangu mmebandika haki za mkazi. Ya nne inasema nachagua shughuli zangu. Nimechagua."

Genoveva akafungua jalada la shughuli za wakazi: bingo, muziki, maua, ufundi wa mikono. Akaweka alama kwenye ufundi wa mikono.

"Malizeni haraka," alisema, kwa Kiswahili kizima. "Na mafuta hayo yasiguse mashuka yangu."

Saa sita na dakika ishirini injini ikawaka, na safari hii gurudumu likafuata. Mwita alizunguka maegesho mara mbili. Dereva wa gari la kuvuta, ambaye muda wote alikuwa akila mkate wake akitazama, aliinua kidole gumba, akaondoka mtupu. Wendell hakukubali kunawa grisi hadi jioni.

Uchelewaji haukufutwa. Lakini mtu wa ofisini alikuwa amepiga picha, na mwezi uliofuata ikatokea kwenye kijitabu cha kampuni: Wendell anacheka, nyundo juu, na maneno makubwa, "Hapa kwetu kila mkazi ana lake." Walikuwa wameikata pembeni. Liévin hakuwepo kabisa. Mwita alibaki kiwiko kimoja, kimeshika ukingo wa kikaango.

Mwita alichukua nakala mbili kaunta bila kuomba. Moja alimpa Liévin. Nyingine aliitia kwenye bahasha ya kwenda Tarime, baada ya kukizungushia kiwiko duara kwa kalamu nyekundu na kuandika: "Mama, huyu hapa ni mimi. Kazi inaendelea vizuri."