Meza ya Mlangoni

Saa saba na nusu jua liliingia katika steshenari ya Mzee Semboja bila hodi, likaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Yusra. Kioo kikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Yusra alikikinga kwa jalada la daftari, mkono wa kushoto juu, huku wa kulia ukiandika peke yake: jina la mkulima, kijiji, ekari, namba ya simu. Madaftari ya vijiji yalikuwa yameandikwa kwa kalamu zinazokaribia kwisha wino, na tatu na nane zake zilifanana kama ndugu.

Meza ilikaa mlangoni, kioo kikitazama barabara, kwa sababu Mzee Semboja alitaka abiria wa mabasi yanayosimama Mkata waione kompyuta ikiwaka. "Hilo ndilo bango langu," alisema Yusra alipoomba igeuzwe. Aliomba mara mbili. Ya tatu hakuomba.

Filomena alikaa ndani, nyuma ya pazia la kijani, feni ikimpepea. Binti wa Vugiri, miezi minane tu kazini, na Yusra ana mwaka wa tatu. Kama hilo halitoshi, wiki iliyopita Filomena alikwenda Korogwe akarudi na miwani. Yusra aliionea wivu miwani ile kuliko alivyowahi kumwonea mwanamke mwenzake mume.

Haikuwa miwani tu, ni kile kilichokuja nayo. Kila baada ya muda Filomena aliacha kuandika, akafungua dirisha la nyuma, akatazama mashamba ya mihogo mpaka kule mwisho, akipepesa macho taratibu. "Daktari kasema kila dakika ishirini nitazame mbali, mzee. Na nipepese, macho yasikauke." Mzee Semboja hakuwahi kubishana na mtu aliyevaa miwani. "Sawa mwanangu," aliitikia, "macho ni mali." Yusra naye alijaribu siku ileile. Kwa kuwa aliipa barabara mgongo, kutazama mbali kwake ilikuwa lazima ageuke.

"Yusra," sauti ya mzee ikatoka ndani, "unatazama mabasi?"

Leo asubuhi mzee alikuwa ameshasema. Orodha ya wakulima ikikamilika, atabaki mwandishi mmoja. Bwana Hiza wa ofisi ya kata angekuja saa tisa kukagua, na mwenye makosa machache ndiye wa kubaki. Yusra alikuwa amebakiza kurasa nne, na macho yalimwasha kama yametiwa pilipili.

Filomena alipotoka kwenda kula, aliiacha miwani juu ya daftari lake. Yusra hakujiona mwizi. Mtaani kwao Kabuku miwani ya Bibi Fatu huzunguka nyumba saba. Asubuhi inasoma barua ya shule, jioni inatunga uzi kwenye sindano, na hakuna aliyewahi kuuliza ilitengenezwa kwa macho ya nani. Akaivaa. Papo hapo akasikia nafuu, namba zikatulia. Aliushusha mkono uliokinga jua, akaandika kwa mikono miwili, mbiombio, na alipochoka akageuka akaitazama barabara kwa raha zake. Mzee Semboja alipita na furushi la karatasi. Alimtazama, akaiona miwani, akasema, "Pole na macho, mwanangu."

Nusura Yusra alie. Miaka mitatu hakuwahi kupewa pole hiyo.

Saa tisa, miwani ikiwa imesharudi kwa mwenyewe, Bwana Hiza alikagua kwa kalamu nyekundu. Filomena alikuwa na makosa mawili. Yusra alikuwa na kumi na saba, karibu yote katika zile kurasa nne za mwisho: tatu imekuwa nane, nane imekuwa tatu.

"Sasa ujumbe wa mbolea ya huyu mkulima utakwenda kwenye simu ya nani?" aliuliza Bwana Hiza, bila ukali.

"Jua linapiga kioo, sioni," alisema Yusra.

"Jua linawaka Mkata nzima," alisema Mzee Semboja. "Leo umalizie, mama. Kesho usije."

Filomena alimkuta uani akinawa uso.

"Dada Yusra, najua uliivaa."

"Niliivaa. Na imeniponza. Macho yako si yangu."

"Haijakuponza, ni lile jua na haraka yako." Filomena aliivua, akaishika mbele ya ndoo ya rangi, akaisogeza huku na huku. Maandishi ya ndoo hayakukua wala hayakupungua. "Kioo kitupu hiki. Nimeinunua mnadani. Daktari alisema macho yangu mazima, yamechoka tu. Nitazame mbali, nipepese, nisikae kompyuta ikipigwa jua. Ningekuja na maneno hayo matupu, mzee angenisikiliza?"

Wivu wa Yusra haukuisha. Ulihama tu, ukatoka kwenye miwani ukaingia kwenye akili za binti huyu. "Mbona hukuniambia?"

"Wa kubaki ni mmoja, dada."

Yusra alijifuta uso kwa khanga. Angekuwa yeye, naye asingesema.

Saa kumi alikuwa kwenye benchi nje, mfuko mapajani, akisubiri gari la Kabuku. Ndani, Mzee Semboja aliifunika kompyuta ya nyuma kwa nailoni. "Filo, hamia hapa. Hii ya mlangoni ndiyo inayoniletea wateja." Filomena akahamia. Jua likakipiga kioo, naye akaokota jalada la daftari akakinga. Baada ya muda aligeuka kutazama mbali, miwani ikiwa puani.

"Filo, unatazama mabasi?"

Yusra alifurahi. Alifurahi kwelikweli, kwa muda wa kumeza mate, kisha furaha ikachacha mdomoni. Gari la Kabuku likasimama, konda akapiga bati. Yusra akainuka, akaenda kusimama mlangoni, akatanua khanga yake mabegani. Kivuli chake kikakifunika kioo chote.

"Unangoja nini hapo?" aliuliza Mzee Semboja.

"Gari, mzee."

"Si hilo limesimama?"

"Limejaa," alisema Yusra, na nyuma yake konda alikuwa bado anaita watu.