Uso wa Shaba wa Pembezoni

Pembezoni ilikuwa nchi ya rutuba, yenye mto uitwao Neema na desturi moja ya ajabu: watu wake waliamini shaba kuliko macho yao. Upande mmoja wa sarafu zao ulichorwa mto huo na suke la ngano, wala hapana aliyeuhoji, maana kila mtu aliujua. Upande wa pili ulikuwa na uso na jina la Sultani Haonekani, aliyekaa Kitovuni, mwendo wa miezi mitatu, na ambaye hakuna Mpembezoni aliyewahi kumtia machoni. Sheria ilisema mkono utakaoukosea uso ule ukatwe.

Mchongaji wa sarafu alikuwa Bi Nakshi, mwanamke mpole wa maneno machache. Siku moja akaingia mjini mzee mwenye kipara na pua bapa, bila tarumbeta wala askari, akasema yeye ndiye Haonekani, amekuja kuwaona raia zake. Lo! Akatiwa pingu pale pale. Kadhi Fuatanakala akaiweka sarafu kando ya shavu la mzee: ndevu hazikuwapo, pua hazikulingana. Akamhukumu kutoswa mtoni kwa kujifanya Sultani, ila kwanza Nakshi aletwe aithibitishe sarafu.

Nakshi alijua kwamba neno moja lingeuokoa mkono wake, na neno lilo hilo lingemuua mzee wa watu. Aliogopa, tena sana. Akauweka mkono wa kuume mezani.

"Mheshimiwa Kadhi, sarafu ndiyo iliyosema uongo. Waraka wa Kitovuni haukuwa na picha. Uliniamuru nichonge uso wa mtu mwadilifu. Mimi nilimjua mmoja tu, marehemu baba yangu, Insafu, mfua shaba."

Hapo ndipo mzee alipoulizwa ushahidi mwingine, akanyoosha kidole chenye pete, nayo ikalingana na alama ya muhuri kwenye lakiri ya ule waraka. Tangu asubuhi pete ilikuwa kidoleni. Mwenye macho haambiwi tazama. Wapembezoni waliambiwa, wala hawakutazama.

Kadhi, asiyetaka sheria iaibike, akashauri mkono ukatwe na Sultani afuge ndevu. Haonekani akaikodolea sarafu macho, akauliza huyo Insafu aliishije na watu. Nakshi akajibu kwamba alikuwa akisikiliza kwanza, kisha akinena.

"Basi mkono huo una kazi," akasema Sultani. "Uso usiuguse. Futa jina langu, uandike lake."

Nakshi akarudi karakanani machozi yakimtoka, akaanza kuchonga kinyumenyume, herufi ya mwisho kwanza, kama itakavyo kalibu ya kupigia sarafu, jina la baba yake.