Mtu wa Kubuni

Santuri ilifika redioni kwa posta kutoka Nashville, na Verlene Stidham, mtangazaji wa asubuhi, akaisoma lebo mara mbili. Wimbo: "Taa ya Dewey". Mtunzi: Rex Tolliver.

Dewey alikuwa kaka yake. Mgodi wa makaa ulimwangukia, na Verlene akautunga wimbo ule jikoni, mama yao akiukoroga mchuzi usioliwa, ili uimbwe kaburini. Hakuusajili. Katika mabonde yale ya Kentucky nani husajili wimbo wa maziko? Ingekuwa kama kumpeleka marehemu sokoni. Kisha Rex, mwimbaji wa Nashville, akaja kutumbuiza kwenye maonyesho ya kaunti, akapita redioni, akaomba asikie kitu cha nyumbani. Verlene akamwimbia, tena akarudia alipoombwa.

"Santuri hiyo uicheze baada ya matangazo," alisema Lyle Combs, mwenye kituo. "Rex atakuwa kwenye simu."

"Wimbo huu wangu, Lyle."

"Una karatasi?"

"Nina kaburi."

"Kaburi halitii saini, dada. Icheze."

Verlene aliingia hewani kama kila asubuhi. Akasoma majina ya waliofariki, polepole, na jina la kanisa la kila mmoja. Akasoma tangazo la kuku wa Bi Eula wanaouzwa pamoja na banda lao. Sauti yake ilikuwa tulivu, hasira ameificha. Kisha akafungua laini ya simu.

"Habari ya asubuhi, mrembo," alisema Rex. "Huko milimani wanasemaje?"

"Wanauliza. Dewey ni nani?"

Rex alicheka. "Aa, jina tu hilo, mpenzi. Lina harufu ya shamba. Nilimbuni nikiwa kwenye basi."

"Ulimbuni."

"Mtu wa kubuni kabisa."

Verlene akaikata simu. Akaisukuma santuri kando, akachukua gitaa ukutani. Lyle alikuwa akigonga kioo cha studio kwa pete yake.

"Dewey Stidham," Verlene aliiambia maikrofoni, "mwana wa Oma, wa kanisa la Laurel Fork. Wengi wenu mlibeba jeneza lake. Wimbo wake niliutunga mimi."

Akaimba. Aliimba kwa kasi, meno yamekazana, nyuzi zikilia ovyo. Alipomaliza, taa ya simu ilikuwa ikiwaka. Akafungua laini.

"Verlene." Alikuwa mama yake, Oma, bila salamu, na bonde zima likisikia. "Umeimba kama unafukuza mbwa. Na ubeti wa pili umeuruka. Mwimbie kaka yako vizuri."

"Ndiyo, Mama."

Lyle alikuwa ameshaingia, mkono juu ya swichi ya kuzimia mitambo. Aliitazama ile simu ambayo Oma hakuwa ameikata. Akauondoa mkono kwenye swichi.

"Ukimaliza, ondoka na koti lako, usirudi tena," alinong'ona.

"Nitaondoka nalo."

Verlene akaanza upya, taratibu safari hii, hasira ikiwa palepale.