Albert na Volkswageni ya Ng'ombe Wawili

Albert na mkewe Marthe walikuwa wametoka Fizi kwenda Uvira, kwenye ubatizo wa mjukuu wao wa kesho yake, walipokuta barabara ya mji wa Baraka imefungwa. Dereva wao akazima injini, akasema hakuna kupita mpaka maandamano ya magari ya zamani yaishe.

"Magari ya zamani?" Albert akaruka chini kama kijana. "Mama Chérie, shuka! Hii ni kazi yangu."

Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa, Albert alikuwa akimsimulia Marthe jinsi alivyoendesha makamyo, malori makubwa, huko Misisi kabla hawajaoana. Marthe hakuwahi kumwona akiendesha kitu chochote. Hata baiskeli yake huwa anaisukuma.

Wakajipenyeza mpaka mbele ya watu. Ikapita Land Rover isiyo na milango, dereva wake amefungwa kwa kamba asidondoke. Ikapita Peugeot ya buluu, nzuri kabisa, ila ilikubali kwenda kinyumenyume tu, dereva amegeuza shingo kama kuku. Kisha likaja lori kubwa.

"Sikia ile moteri," Albert akasema akifumba macho. "Inapumua muzuri sana."

"Papa, haina moteri," akasema mama mmoja aliyesimama karibu. "Iko banaisukuma."

Gari la mwisho lilikuwa Volkswageni ndogo nyekundu, nayo ilikuwa imesimama. Nicolas, mkubwa wa kamati ya maandamano, akainua kipaza sauti.

"Shofa wetu ameingia choo tangu saa tatu, hatoki! Nani anajua kuendesha?"

Marthe, bila ubaya wowote, akainua mkono wa mumewe.

"Huyu hapa! Aliendesha makamyo Misisi!"

"Mama Chérie, sina permis ya kuendesha," Albert akanong'ona, lakini watu walikwisha kumbeba.

Alipokaa nyuma ya usukani ndipo akaona ng'ombe wawili wenye pembe ndefu, wamefungwa kamba mbele ya gari. Mwenye ng'ombe, Gakunzi, alikuwa ameshuka nao kutoka milimani.

"Moteri ni hii," Gakunzi akasema akimpigapiga ng'ombe mgongoni. "Huyu Bihogo, huyu Gaju. We shika tu usukani, papa. Banajua njia."

Roho ya Albert ikatulia. Gari likaondoka polepole, watu wakashangilia, naye akatoa mkono dirishani akiwapungia kama gavana. Furaha ikamzidi, akapiga honi.

Honi ile ililia kama ndama. Bihogo na Gaju wakashtuka, wakaiacha barabara na kuteremka mbio kuelekea ziwani. Wamama wakanyakua ndagala, visamaki vyao walivyokuwa wameanika. Albert akakanyaga kila alichokiona chini, hakuna kilichoshika. Akavuta kitu, maji yakaruka kwenye kioo.

"Simamisha gari! Piga freni, Baba Chérie!" Marthe alipiga kelele, akikimbia huku ameshika kitenge.

"Iko wapi?"

"We ndiye shofa!"

"Mi sijawahi! Nilikuwa nasafisha makamyo! Nilikuwa nasafisha tu!"

Baraka nzima ilisikia, kwa sababu Nicolas alikuwa akikimbia kando ya dirisha, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Ng'ombe walisimama maji yalipowafika tumboni, wakaanza kunywa. Ndani ya gari maji yalifika magotini mwa Albert. Marthe akaingia ziwani, akafungua mlango wa pili, akakaa kando ya mumewe, akaufunga taratibu.

"Kumbe ulikuwa unasafisha."

"Makamyo ya batajiri watatu," Albert akasema kwa sauti ndogo. "Zilikuwa zinang'aa."

"Papa yangu alikataa nisiolewe na shofa. Nililia wiki mbili ndiyo akakubali. Mutu wa kusafisha angemukubali siku ileile!"

Wakatazamana, kisha Marthe akaanza kucheka, akacheka mpaka gari likatikisika. Albert naye akashindwa kujizuia. Walicheka hivyo karibu nusu saa, maana Gakunzi alikataa kuwatoa ng'ombe wake kabla hawajashiba maji.

Jioni hiyo kamati ilitoa zawadi. Ya kwanza, mfuko wa chumvi, walipewa Bihogo na Gaju, wakaanza kuila palepale. Albert aliwapigia makofi kwa moyo wote, amevaa kitenge cha mkewe, suruali yake ikikauka juu ya Volkswageni.