Katikati ya Tanuri

Darasani kwetu jina langu ni Bumbuwazi. Sikulichagua, na wala silikatai. Ukiniambia nisubiri bakuli likauke, utanikuta nimelikodolea macho mpaka watu wamekwenda kula na kurudi. Udongo mbichi ukikauka hubadilika rangi polepole, kuanzia ukingoni kuja chini, na mimi siwezi kuondoka kabla haujafika chini. Rafiki yangu Kipimo husema siku moja nitakaukia pale pale, na watanipanga rafuni na vyombo vingine.

Kipimo ni jirani yangu wa meza, na kwenye bweni la wasichana tunalala chumba kimoja. Hatembei bila rula mfukoni. Vikombe vyake hupandana kimoja juu ya kingine bila kutikisika, na ukivitenganisha hujui kipi kilikuwa chini. Vya kwangu kila kimoja kina tabia zake. Lakini kwenye rangi sitajifanya mnyenyekevu: hakuna wa kunigusa. Tangu mwaka wa kwanza nahangaika na buluu moja, mpaka ikakubali kuwa ile ninayoiona nikifumba macho.

Jengo letu la ufinyanzi ni refu, liko nyuma ya maktaba. Unaanzia kwenye chumba cha udongo, chenye ubaridi na harufu ya mvua iliyokwisha kunyesha. Kinafuata chumba cha magurudumu. Asubuhi yakizunguka yote kwa pamoja hutoa mngurumo mmoja mwororo, na mimi husahau kama niko macho au nimelala. Halafu kuna chumba cha gleizi, ule ute tunaoupaka juu ya chombo ili moto uugeuze kioo. Humo ndoo zote zimejaa tope la kijivu au la waridi, na buluu huijui mpaka usome maandishi ya ndoo. Unapaka kijivu, unaamini buluu. Nakipenda chumba hicho kuliko vyote. Mwisho kabisa ndiko liliko tanuri, ambamo mtu huingia akiinama, na ndiko aliko fundi wake, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

Ghorofani iko ofisi ya ajira. Mshauri wa ajira ana birika la umeme mezani. Analijaza maji, analiwasha, anakwambia, "Haya, nieleze kazi yako. Birika likichemka, umekwisha." Kipimo humaliza maji hayajaanza hata kuimba. Mimi kila mara lilichemka nikiwa bado natafuta neno zuri la kuanzia.

"Mwanangu," mshauri aliniambia siku moja, akinimiminia chai ya maji yale yale, "mwajiri hatakungoja uamke."

Mwajiri tuliyekuwa tukimwota wote alikuwa mama mmoja mwenye kiwanda cha vyombo vya mezani. Angekuja kwenye maonyesho ya wanaohitimu kutafuta mtu mmoja wa kubuni, mmoja tu, na alitaka kila mwombaji amwonyeshe seti ya vikombe sita. Kwangu ilikuwa kufa na kupona. Baba alikuwa ameshasema, tena kwa upole, na upole wa baba ndio unaotisha: "Ulitaka kusoma hiki, sikukuzuia. Maonyesho yakipita huna kazi, baba yako mkubwa anataka mtu wa kumwamini dukani." Duka la baba mkubwa ni la misumari, bawaba na mabomba. Sina ugomvi na misumari. Ila nikijiona nyuma ya kaunta ile, moyo unaninywea.

Sasa, kwenye uchomaji wa mwisho wa mwaka, chuoni kwetu hakuna anayepanga kazi yake mwenyewe tanurini. Majirani wa meza hupangiana. Unaingia peke yako, unapanga vyombo vya mwenzako, unatoka, na hamlizungumzii mpaka tanuri lifunguliwe. Ukikuta chombo kimeshapangwa, hukigusi. Fundi anasema mtu akipanga vyake huwasukuma wenzake pembeni bila hata kujua, lakini vya mwenzake huvishika kama mtoto mchanga. Na pembeni si mchezo. Rafu ya katikati moto huizunguka taratibu. Pembe ya chini, karibu na mdomo wa gesi, moto hupita kwa hasira.

Kipimo aliingia kwanza na vikombe vyangu. Alikaa humo kitambo, akatoka akipangusa mikono.

"Zamu yako," alisema, bila kunitazama.

Nikainama nikaingia na trei yake. Tanuri likiwa baridi lina kimya cha ajabu, unasikia pumzi yako mwenyewe ikikurudia kutoka kwenye matofali. Vyombo vya darasa zima vilishajaa. Vikombe vyangu sita vilikuwa katikati kabisa, vimeachiana nafasi sawasawa, bila shaka kwa rula. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja: pembe ya chini.

Nilichuchumaa pale, na ndoto ikanichukua. Nilimwona mwenye kiwanda akiiinua buluu yangu dirishani. Nilimwona baba akicheka. Halafu nikamwona Kipimo kando, mbele ya vikombe vilivyoungua, anatabasamu lile tabasamu lake la kujikaza. Aliingia humu akaona nafasi mbili, akanipa iliyo bora, naye anaitaka kazi ile ile. Machozi yakanitoka. Nilimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja, na papo hapo nikamkasirikia, maana mtu anakupaje kitu kikubwa hivyo halafu anakwambia "zamu yako"?

Nikakata shauri. Nikavunja mwiko. Vitatu vyangu nikavishusha pembeni, vitatu vyake nikavipandisha katikati. Nusu kwa nusu, haki tupu. Nilitoka mwepesi, na muda wote wa kuchoma nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama hewa ikitetemeka juu ya bomba la moshi, nikiona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya.

Fundi alipofungua, vyombo vilikuwa bado vinalia ting, ting, vikipoa. Buluu ya katikati niliiona kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa na kina, ukingoni nyepesi, chini nzito, na kwa kitambo sikuwa na jina wala miguu. Halafu nikatazama pembeni. Vitatu vyangu vya huko gleizi yake ilikuwa imeyeyuka ikatiririka mpaka chini, ikagandia rafu, na kilichobaki juu kilikuwa hudhurungi yenye malengelenge.

Vitatu vya Kipimo vya katikati vilikuwa vyeupe pe. Vitatu vya pembeni vilikuwa na umanjano kidogo. Basi. Havikuwa na ufa wala lengelenge.

Fundi alitazama rafu, akanitazama mimi, akaenda zake kutafuta patasi.

"Nani amevishusha?" Kipimo aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulinipa katikati yote. Sikutaka uungue wewe."

Alishika kichwa. "Bumbuwazi! Nyeupe yangu inavumilia ile pembe. Nimeijaribu pale mwaka mzima. Inaingia manjano, haiharibiki. Buluu yako ndiyo haivumilii. Nilipima! Vyangu vingetoka salama, vyako vingetoka vizuri."

"Sikujua."

"Si ungeuliza?"

"Haturuhusiwi kuzungumza."

"Na kugusa ndiyo tunaruhusiwa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Siku ya maonyesho mwenye kiwanda alifika amevaa viatu bapa, na hakusema lolote kabla ya kushika. Alichukua kikombe changu cha buluu akakipeleka dirishani, akakaa nacho. Alikitazama kuanzia ukingoni kuja chini, taratibu, hakuondoka kabla ya kufika chini. Nilijua ninamwona mtu wa kabila langu.

"Rangi hii ya nani?"

"Yangu, mama." Na maneno yakaja, kwa mara ya kwanza yakaja yenyewe: nilivyoitafuta, nilivyoikosa, nilivyoipata.

"Na vingine vitatu?"

Nikamwonyesha. "Vilikaa karibu mno na moto."

"Alivipanga nani?"

Kipimo alifungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi."

Mama yule alikitazama tena kikombe cha buluu. "Vitatu vinaweza kuwa bahati, binti yangu. Mimi nauza sita." Akakirudisha mezani polepole, na upole huo ukaniuma kuliko kama angekibamiza.

Kwa Kipimo alivipandanisha vyote sita, akavitikisa, havikuyumba. Akauliza juu ya ule umanjano. "Gleizi ni moja, moto ndio tofauti," Kipimo alijibu. "Kwa kazi ya kuuza, ningevichoma upya." Mama yule akacheka, akampa mkono. Nilifurahi, nasema kweli. Na niliumia mpaka nikashika meza.

Baba alikuja baadaye, shati limenyooshwa. Alichungulia ndani ya kikombe cha buluu kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaitafuta?"

"Ndiyo, baba."

"Ni nzuri." Akakishika kwa mikono miwili. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Baba yako mkubwa hufungua saa mbili."

Nikaitikia kwa kichwa.

Watu walipotawanyika nilibaki nafungasha vyombo kwenye kreti. Kipimo alirudi anahema, macho mekundu.

"Nimemfuata mpaka kwenye gari. Nimemwambia ukweli wote. Anasema nafasi ni moja."

"Najua."

"Nilikupa kitu, ukakikata nusu ukanirudishia."

"Nilidhani unajinyima."

"Na kama ningekuwa najinyima? Si nimependa mwenyewe?" Sauti ilimkatika. "Wewe ulitakiwa kupokea tu. Kupokea tu, Bumbuwazi!"

Nilitaka kumwomba radhi, na radhi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimtazama pale alivyosimama, na nikaona kwamba tangu siku ile ya tanuri kuna neno moja sijamwambia.

"Asante," nikasema.

Akalia waziwazi, bila kujificha uso. Kisha akajipangusa kwa mkono wa shati, akainama kwenye kreti.

"Leo sikusamehe," alisema. "Shika upande huo."

Nikashika, tukanyanyua.